Ngoja Ngoja ya Laptopu

Vijana wa hapa Kiryandongo wananiuliza swali moja karibu kila juma: ninunue laptopu sasa, ama ningoje zile za prosesa mpya? Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kupiga chapa barua na kujaza fomu za watu pale Bweyale, na kwa sababu Novemba 2025 kikundi chetu cha akiba kilinituma Tororo na Busia kutafuta mashine ya kikundi. Ukilisikia haraka, ni swali la dukani. Mimi naona ni swali la maadili, na nitajaribu kueleza kwa nini. Lakini nianze na wale wanaosema ngoja, maana si wajinga.

Wana historia upande wao. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, alisema idadi ya transista kwenye kipande kimoja cha silikoni ingeongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha: kila miaka miwili. Kwa miongo mingi ikawa hivyo. Mtu aliyengoja miaka miwili alipata mashine yenye nguvu zaidi kwa pesa ile ile. Kwa hesabu hiyo, anayenunua leo amepunjika kidogo, na atakayenunua kesho amepunjika pia, kwa sababu kuna keshokutwa. Hapo ndipo hesabu inapokuwa mtego: ukiifuata mpaka mwisho, hakuna siku ya kununua.

Pili, kuna kungoja kwenye tarehe. Microsoft ilitangaza mapema kwamba Windows 10 ingeacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya Intel kizazi cha nane, zilizoanza kutoka 2017. Kwa hiyo maofisi ya Ulaya na Marekani yalikuwa na sababu ya kutoa mashine zao za zamani. Aliyejua tarehe hiyo na akaishika pesa yake miezi miwili mitatu ili aone bei zitakwendaje, huyo alikuwa anapiga hesabu. Simlaumu hata kidogo.

Sasa tuje Busia. Asiyeijua, Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na katikati kuna mpaka. Bidhaa za Nairobi zinafika upande wa Kenya asubuhi, na kabla ya jioni ziko upande wa Uganda. Laptopu wanazoziita ex-UK zinapita hapo: mashine za ofisi, mgongoni bado zina alama ya stika iliyobanduliwa. Mimi sivuki. Nilitoka Kenya baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, na mkimbizi wa Kenya akirudi Kenya kununua laptopu, kuna siku ataulizwa ni ulinzi gani anaouomba Uganda. Kwa hiyo nilikaa upande huu na muuzaji akaleta mashine. Pamoja nami alikuwepo mtoto wa dada yangu, ambaye ni fundi wa simu Tororo. Ndiyo sababu sikununua Kampala: fundi wa kwetu ni mmoja tu, na yuko Tororo.

Yeye ndiye alisema ngoja.

"Mjomba, hii ni kizazi cha nane. Intel wametangaza nyingine mpya juzi tu, Oktoba. Zikitoka, hizi zote zitashuka. Vumilia hata mwaka mmoja."

"Zikitoka wapi?"

"Huko nje."

"Na Busia zitafika lini?"

Akacheka. "Hapo sasa, mjomba."

Hilo "hapo sasa" ndilo jambo lenyewe. Prosesa mpya ikitangazwa, anayeinunua kwanza ni mwenye ofisi London au Frankfurt. Atakaa nayo miaka mitatu, minne, mitano. Akichoka nayo ndipo inaingia kwenye kontena, inafika Mombasa au inashuka kwa ndege Nairobi, inasafishwa, inapanda basi, inafika Busia. Sisi tuko mwisho wa foleni ambayo kichwa chake hatukioni. Mtu wa London akingoja miezi mitatu, mwisho wa miezi hiyo anapata kitu. Mtu wa Busia akingoja miezi mitatu ile ile, hapati kile alichosikia kimetangazwa. Anapata mashine ile ile ikiwa imezeeka miezi mitatu zaidi, na betri imechoka zaidi. Na hata bei si lazima ishuke. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zilipanda sana, kwa sababu viwanda vilipendelea kuhudumia kompyuta kubwa za akili unde.

Halafu tuulize, hicho kipya kingetusaidia nini? Kazi ya kikundi chetu ni barua, fomu za intaneti, daftari la akiba kwenye Excel, na mikutano ya video siku mtandao ukikubali. Kwa kazi hizi kinachomchelewesha mtu mara nyingi si prosesa. Ni diski ya zamani inayozunguka, ni RAM ndogo, ni mtandao wenyewe. Ukiweka diski ya SSD kwenye mashine ya miaka saba, inafufuka. Fundi wangu anajua hivyo kuliko mimi. Ni kazi anayoifanya.

Kuna sehemu moja ambapo yeye alikuwa na hoja nzuri, na sitaificha. Prosesa za siku hizi zinafanya kazi kwa umeme mdogo. Apple walipoleta M1 mwishoni mwa 2020, watu waliona laptopu ikikaa siku nzima bila chaja. Kwetu sisi tunaochaji kwa sola, na mvua ikinyesha siku mbili hakuna moto, hilo si anasa. Kama mtu angeniambia mashine ya namna hiyo, kwa bei ninayoiweza, inafika Busia mwezi wa tatu, ningengoja mpaka mwezi wa tatu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa tu "zitashuka".

Lugha yetu yenyewe haijaamua kesi hii. Inasema subira huvuta heri, halafu inageuka kusema ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu wanazitumia kama mawe ya kutupiana: wewe unarusha moja, mimi ninarusha nyingine. Nadhani methali hizi hazigombani. Zinasema habari za kungoja kwa aina mbili, na kazi ya mtu ni kujua yuko katika ipi. Mkulima aliyepanda mahindi anangoja. Jirani yake ambaye hakupanda anangoja pia, ukipita njiani utawaona wote wamekaa. Tofauti iko shambani.

Sisi wa mwaka 2008 tunaifahamu tofauti hiyo. Tulipovuka Busia na Malaba tuliwekwa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Kila mtu alisema ni miezi michache. Tarehe 28 Februari viongozi walitia saini Nairobi, tukasema tayari, tunarudi. Wengine walirudi kweli. Sisi wengine, kabla ya mwaka kuisha, tulipakiwa kwenye magari tukaletwa huku Kiryandongo. Walikuwepo watu ambao hawakulima kipande chao msimu wa kwanza kwa sababu walikuwa wanaondoka, wala msimu wa pili. Baadaye ikaja habari ya kupelekwa nchi za nje. Mtu hatengenezi paa kwa sababu faili lake liko mbele. Haanzi kozi, kwa nini aanze na safari imekaribia? Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na paa likawa bado linavuja. Siwacheki hao. Walifundishwa kungoja na kila ofisi waliyopita. Foleni ya chakula, foleni ya kadi, foleni ya mahojiano: ukingoja vizuri unaitwa mtu mwenye nidhamu. Baada ya miaka kumi na saba mtu anaweza kungoja kitu ambacho hakuna aliyemwambia angoje.

Ndiyo maana kijana wa hapa akiniambia anangoja prosesa mpya, mimi husikiliza kwa sikio la pili. Wakati mwingine ni hesabu. Wakati mwingine ni tabia ya foleni imevaa nguo za kompyuta.

Namna ya kutofautisha nimejifunza kwa kuuliza swali moja: nikingoja, nani mwingine anangoja kwa sababu yangu? Pesa niliyobeba haikuwa yangu. Ilikuwa ya watu kumi na watano, waliochanga mwaka mzima, katika mwaka ambao, Mei 2025, WFP ilikosa fedha na kuwaondoa watu kama milioni moja wa Uganda kwenye msaada wa chakula. Baadhi ya wanakikundi wetu wamo humo. Shilingi ya mtu wa namna hiyo ikikaa kwenye sanduku, haijakaa bure. Imekaa badala ya unga. Na kuna binti jirani yetu aliyekuwa anajaza fomu ya ufadhili wa DAFI, ule mpango wa chuo kikuu kwa wakimbizi ulioanzishwa kwa fedha za Ujerumani mwaka 1992. Alikuwa anajaza kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Akifika ukurasa wa tatu, mtandao unakatika, anaanza upya. Fomu kama ile ina siku ya kufunga. Haijali kama mashine bora iko njiani.

Mwenye pesa yake mwenyewe na hana kazi inayomngoja, akitaka kungoja miaka miwili apate kitu kizuri, ni haki yake na pengine ni busara. Anayetaka kukopa ili anunue, bila kazi ya kulipia mkopo, namwambia mimi mwenyewe: ngoja. Laptopu isiyo na kazi ni sinia la gharama kubwa. Lakini kazi ikiwa ipo tayari, watu wamepanga mstari mlangoni, basi kungoja kwangu ni bili, na bili hiyo inalipwa na wengine. Hapo ndipo swali linapokuwa la maadili. Nina haki ya kuwa mvumilivu kwa muda wangu. Kwa muda wa yule binti sina haki hiyo.

Fikirieni Busia yenyewe. Neno bodaboda limetoka pale mpakani, miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita boda, boda. Pikipiki zilikuwepo duniani, lakini hawakuwa na bei yake. Pikipiki zilikuja kuwa nyingi baadaye sana, miaka ya 1990 na kuendelea, na kweli ziliwatoa wengi wa baiskeli barabarani. Mtu anaweza kusema, unaona, ilikuwa afadhali kungoja. Lakini abiria wa miaka yote ile katikati angebebwa na nini? Mama mwenye gunia la samaki wakavu mwaka 1975 alihitaji kufika upande wa pili siku ile. Baiskeli ilimfikisha. Kilichokuja baadaye hakifuti safari hiyo.

Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili, nanyi kuna neno lenu, na nalisema kwa heshima. Mara kadhaa tumeambiwa kwamba kompyuta za kituo fulani hazitafunguliwa kwanza, kwa sababu awamu inayofuata ya mradi italeta mpya. Huenda ni mpango mzuri kwenye karatasi. Lakini anayepanga kungoja huko ana laptopu mezani kwake wakati anapanga. Kabla ya kutuambia tungoje, tuambieni tarehe. Kama tarehe haipo, fungueni chumba, tutumie hizo kuukuu.

Mimi nilinunua. Shilingi 24,000 za Kenya, ambazo wabadilishaji pesa wa Busia walinihesabia kama laki sita na elfu sitini za Uganda. Kizazi cha nane, Windows 11 inaingia, fundi wangu akaangalia betri, bawaba, vitufe vyote kimoja kimoja, na SSD akaibadilisha mwenyewe Tororo bila kunitoza kazi. Bado anasema mjomba umeharakisha, na baada ya miaka miwili atanionyesha mashine ya bei hiyo hiyo iliyo mara mbili ya hii. Naamini atanionyesha. Nimemwambia siku hiyo aje nayo Kiryandongo, tuziweke mezani zote mbili, na mimi nitaleta daftari la barua na fomu zilizotoka kwenye hii ya zamani. Kisha wale kumi na watano waamue kama watanunua ya pili.