Kushukuru Mbele ya Aliyefiwa

Jumapili moja, baada ya matangazo, familia moja ilikuja mbele ya madhabahu kutoa shukrani. Mtoto wao alikuwa amelazwa hospitalini kwa muda mrefu, na sasa amerudi nyumbani mzima. Walileta mkungu wa ndizi, trei la mayai na jogoo. Tuliwaombea, tukapiga vigelegele. Nje, kwenye mnada, jogoo yule alinunuliwa mara tatu, kila mnunuzi akimrudisha auzwe tena kwa kazi ya Bwana.

Katika benchi la nne alikaa mama aliyemzika mwanawe wiki tatu kabla. Watoto hao wawili walilazwa wodi moja. Siku ya jumuiya mama huyo alituuliza kwa sauti ya chini, "Mungu aliyemponya yule, wangu hakumwona?" Mmoja wetu alianza kusema kwamba kila jambo lina makusudi yake, kisha akanyamaza mwenyewe. Hatukuwa na jibu.

Swali lile halijatuacha. Je, ni haki kumshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mtu aliyeomba kama sisi na hakupata? Au tushukuru kimya kimya, tusije tukamwumiza?

Luka ametuandikia shukrani mbili zilizo karibu karibu. Katika sura ya 17, wakoma kumi wanatakaswa, na mmoja tu, Msamaria, anarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu na kuanguka miguuni pa Yesu. Bwana hakumnyamazisha, aliuliza tu wale tisa wako wapi. Basi kunyamaza si jibu. Katika sura ya 18, Farisayo anasimama hekaluni, naye pia anaanza sala yake kwa kushukuru. Anashukuru kwamba yeye si kama watu wengine, wala si kama mtoza ushuru aliyesimama mbali. Shukrani hiyo haikumfaa kitu.

Wote wawili walimshukuru Mungu yule yule. Lakini Msamaria hakusema kwamba aliponywa kwa sababu alistahili kuliko wenzake. Alirudi mikono mitupu, akasujudu. Farisayo alimfanya jirani yake kuwa ngazi ya kupandia. Nasi tunazo ngazi zetu. Mara ngapi tumesimama kushuhudia kwamba Mungu ametupigania kwa sababu tulifunga na kuomba, kana kwamba mama yule hakufunga? Alifunga. Tulifunga pamoja naye.

Shukrani ya kweli, basi, inajua kwamba imepokea neema, si mshahara. Na mtu aliyepokea bila kustahili hawezi kumtazama aliyekosa kama mtu aliyeshindwa. Ndiyo maana Paulo, katika Warumi 12:15, anaweka furaha na kilio katika agizo moja: tufurahi na wanaofurahi, tulie na wanaolia. Hakutupa nafasi ya kuchagua nusu. Na anapowaandikia Wakorintho habari za changizo kwa watakatifu, anasema kwamba huduma ile inatimiza mahitaji yao, na tena inazaa shukrani nyingi kwa Mungu. Shukrani yetu ikigeuka kuwa huduma, mwingine naye anapata cha kushukuru.

Baadaye tulikuja kujua kwamba mama wa mtoto aliyepona alikuwa akienda kwa mwenzake siku kadhaa kila wiki, bila kutangaza. Alimchotea maji na kumsaidia palizi. Hakwenda na fundisho. Siku nyingine walikaa tu, wakalia, wakasali kwa maneno machache, wakaachana.

Wapendwa, tusiache kutoa shukrani zetu. Tuzitoe kwa sauti, na mnada uendelee. Lakini kila atakayesimama kushukuru na achukue jina la mmoja ambaye bado anangoja, amwombee kwa jina lake wiki nzima, kisha amtembelee nyumbani, akiwa na unga au akiwa na mikono yake tu ya kufanyia kazi.

Mama yule bado hajapata jibu la swali lake, na sisi hatuna la kumpa. Lakini Jumapili iliyopita alikaa katika benchi lile lile la nne, na kando yake alikaa mama wa mtoto aliyepona. Bwana atufundishe kushukuru namna hiyo.