Daraja la Umri ni Ushahidi

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likielekea Mandera, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Akina mama waliwavisha wenzao wa dini nyingine hijabu ili wasitambuliwe. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, walitengeneza filamu ya dakika 22 kutokana na mkasa huo, *Watu Wote*, iliyowania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Mwanafunzi anayetaka kutunga filamu ya taharuki kama hiyo hana budi kujiuliza ni nani anayestahili kuitazama. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ina daraja la watazamaji wote, la mwongozo wa mzazi, la miaka 16 na la 18. Ninashikilia kwamba anayependekeza daraja anatoa ushahidi, na ushahidi haupindwi ili kuongeza watazamaji.

Katika Qurani, Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, inawataka walezi wawapime mayatima hadi wafikie umri wa kuoa, kisha wawakabidhi mali yao wakiona wamepevuka kiakili. Umri unatajwa, na upevu unatajwa pia. Busara hiyo inatufaa hapa. Katika filamu ya taharuki, kinachomwingia mtazamaji zaidi ya damu ni kule kungoja: bunduki inapita kiti kwa kiti, hakuna anayejua itasimama kwa nani. Mtu mzima huibeba hofu hiyo hadi mwisho, akauona ushujaa wa abiria. Mtoto mdogo huenda akabaki na bunduki peke yake. Kwa hiyo ujumbe mwema haushushi daraja. Kinachopimwa ni namna hadithi inavyosimuliwa.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa maeneo ya kaskazini mashariki kama Diff, Garissa na Mandera wamesikia na hata kuona makubwa kuliko hayo. Chuo Kikuu cha Garissa kilipoteza watu 148 katika shambulio la Al-Shabaab tarehe 2 Aprili 2015. Ni kweli, lakini kidonda hakimfanyi mtu asisikie maumivu kikiguswa. Mtoto aliyeonja hofu anastahili hadhari zaidi. Wengine watasema daraja ni bure pale ambapo filamu hutazamwa kwenye simu, bila mlinzi mlangoni. Lakini mzazi asiyeambiwa ukweli hawezi kulinda, na amana ya kumlinda mtoto haifutiki kwa sababu hakuna anayekagua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uainishaji huzaa marufuku, kama ilivyotokea kwa filamu ya Kenya, *Rafiki*, mwaka 2018, hadi Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, daraja humwarifu mtazamaji na kumwachia uamuzi, ilhali marufuku humnyang'anya. Anayetetea uhuru wa sanaa ana sababu ya kutaka madaraja ya kweli, kwa kuwa yakiaminika, kisingizio cha kupiga marufuku hupungua.

Basi mwanafunzi anayeonyesha utekaji wa basi na apendekeze miaka 16, aandike wazi kwamba kuna bunduki, vitisho na kifo, hata kama atawakosa watazamaji wa shule za msingi. Nanyi wazazi na walimu, lisomeni daraja hilo kabla ya kubonyeza kitufe.