Sindano na Kitabu

Katika mji wa Plymouth, jimbo la Massachusetts huko Marekani, kimehifadhiwa kitambaa kirefu kilichodariziwa na Loara Standish, binti wa Kapteni Myles Standish, yapata katikati ya karne ya 17. Chahesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote vya namna yake vijulikanavyo katika nchi ile. Juu yake binti huyo alitia kwa uzi jina lake, pamoja na sala ya kumwomba Bwana auongoze moyo wake.

Baada yake, kwa muda wa karibu miaka 200, wasichana wengi walipewa vitambaa vya kujifunzia. Walidarizi alfabeti na tarakimu, ili baadaye waweze kutia alama mashuka ya nyumba zao. Kisha aya za dini, majina yao na umri wao. Hapo mwanzo wengi walifundishwa kusoma tu, wasifundishwe kuandika. Sindano ndiyo iliyokuwa kalamu yao.

Yafaa tujiulize: je, mtoto hupata wema kwa kushurutishwa kazi asiyoipenda? Kitabu kimoja cha mwaka 1921 juu ya vitambaa hivyo chamtaja msichana Patty Polk, aliyedarizi kwamba ameuchukia kila mshono, naye apenda zaidi kusoma. Wengine watamwita mkaidi. Sisi twaona kwamba alisema kweli, wala kazi hakuiacha. Ukweli na uvumilivu ni fadhila zote mbili.

Basi kosa halimo katika sindano, bali katika kuifanya iwe mpaka wa akili ya msichana. Mwaka 1828 huko Baltimore, utumwa ukingali halali, Mama Mary Lange na wenzake walifungua shule ya wasichana wenye asili ya Afrika. Mwaka uliofuata wakaweka nadhiri, likazaliwa shirika la Masista Waoblata wa Maongozi ya Mungu. Shuleni mwao wasichana walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, na kudarizi pia. Mkono haukukosa kazi, wala akili haikunyimwa kitabu.

Wazazi wapenzi, samaki mkunje angali mbichi. Lakini akunjaye na aangalie asivunje. Tuwazoeze binti zetu kazi ya mikono, tena tuwape vitabu. Vipaji vyote viwili vyatoka kwa Mungu, naye atatudai hesabu ya vyote viwili.