Kinanda cha Bure

Kanisa letu la nyumbani, kule Machakos, limepewa kinanda. Si hivi vya kuchomeka kwa stima ambavyo kila kwaya inavyo. Ni kinanda cha mabomba, kidogo, cha karne ya 19, kutoka parokia moja ya Uingereza inayofunga milango kwa kukosa waumini. Bei ni bure. Kumbe huko vinanda vingi vya aina hii hutolewa bure: makanisa yanafungwa, na kazi ya mpokeaji ni kwenda kukifungua kipande kwa kipande na kukisafirisha. Hapo ndipo pesa zinapoanza kutoka.

Wazee wameniita niandike barua ya kukubali. Mimi ndiye "mtoto wa chuo". Kanisa hilo hilo lilinifanyia harambee nikasomee uhandisi; kuna mama aliyeuza mbuzi, na nilimwona akihesabu zile noti. Nikaacha masomo mwaka wa tatu. Siku hizi nakula kwa kuandika vitu vya watu mtandaoni. Wazee hawajui. Mamangu anajua, na hilo huwa tunalipita kama shimo la barabarani ambalo kila dereva ameshalizoea.

Zawadi ina sharti moja: kinanda kisibadilishwe, kibaki kama kilivyo.

Nilipolisoma nilisema, sawa, ni heshima. Halafu nikaanza kusoma jinsi kinanda hiki kinavyofanya kazi. Mivukuto ya ngozi inasukuma upepo hadi kwenye sanduku la mbao. Ukibonyeza, mlango mdogo unafunguka na upepo unapanda kwenye bomba. Hata kinanda kidogo kina mamia ya mabomba, mengine ya mbao, mengine ya bati na risasi, na kila moja lina mdomo wake. Fundi aliyekijenga alirekebisha midomo hiyo moja moja akiwa ndani ya jengo husika, akisikiliza kuta zake. Yaani nusu ya kinanda ni lile kanisa la mawe ambalo haliwezi kuja Machakos.

Letu ni la mabati. Saa saba mchana joto linapanda, na joto likipanda sauti ya mabomba nayo inapanda. Kiangazi kitakausha mbao zilizozoea unyevu. Zikipasuka upepo utavuja, na bomba linaweza kuanza kulia lenyewe bila mtu kuligusa, katikati ya mahubiri. Halafu kuna mchwa. Kwa hiyo kukiacha kama kilivyo ni kukiua polepole, huku tukijisifu kwamba tumetii.

Kuna kinanda kimoja maarufu Uingereza ambacho nimekifikiria sana wiki hii. Kilijengwa 1631 kwa chuo cha Magdalen, Oxford. Mwaka 1644 Bunge likaamuru vinanda viondolewe makanisani, vingi vikavunjwa. Cromwell, ambaye alikuwa upande wa hao wavunjaji, alihamishia hiki katika kasri la Hampton Court, akisikilize. (Wakubwa ni wale wale kila mahali.) Ufalme uliporudi, kikarudishwa chuoni. Ungedhani haki imetendeka na hadithi imeisha. La, 1737 kikauzwa kwa kanisa la Tewkesbury, na bado kiko huko. Mabomba ya zamani ya mbele yapo. Ndani kumejengwa upya zaidi ya mara moja. Sasa niambie, "kama kilivyo" ni lini? Oxford, kwa Cromwell, au leo?

Lakini siwezi kusema basi tufanye tupendavyo. Kukata bomba ili sauti ipande ni dakika moja, na ule mkato haurudi. Mafundi makini wa kukarabati wana mazoea yao: wanapiga picha kabla ya kufungua, wanaandika walichogusa, kipande kilichotolewa kinawekwa sandukuni badala ya kutupwa, na wakiweza kuchagua, wanachagua marekebisho ambayo fundi wa kesho anaweza kuyatengua. Wanabadilisha, ndiyo, ila hawafichi.

Hapo nilisimamisha kusoma nikatoka nje kununua mandazi ambayo sikuyataka.

Kwa miaka miwili nimejitetea kichwani kwamba zawadi ikishatolewa ni ya aliyepewa. Bado naamini. Yule mama hakununua maisha yangu kwa mbuzi mmoja. Lakini kila Krismasi ananiuliza, "Mwanangu, masomo yanaendeleaje?" nami namjibu, "Vizuri, mama." Kuacha chuo naweza kukueleza sababu zake na ukanielewa. Hiyo "vizuri" siwezi.

Barua nimeiandika. Nimewaambia wenye kinanda kwamba hatuwezi kuahidi kutobadilisha kitu. Tutaahidi kutokata bomba bila kuwauliza wao na fundi, kuweka daftari la kila kilichoguswa, na kuhifadhi kila kipande kitakachotoka. Wakikataa, kinanda kibaki kwao, ingawa najua kikikosa mtu kitaishia jaani.

Karani alikuwa ameshaandaa sehemu ya sahihi chini, majina matatu. Kabla ya langu ameandika "Mhandisi". Nimelifuta hilo neno na kumrudishia nakala kwa simu. Amesoma, alama mbili za buluu ziko pale. Sasa anapiga.