Kopo Lililobaki Nusu

Mwaka juzi tulipata mgeni hapa kwetu Kasingirima. Alikuwa kijana wa Ulaya aliyekuwa akizunguka ziwa kwa miguu na kwa maboti, akalala kwetu siku nne, akala migebuka ya mawese mpaka akajifunza kusema "nimeshiba". Asubuhi ya kuondoka alinikabidhi mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na makopo matatu ya gesi, yale ya vijiko vidogo ambavyo wasafiri hubeba mgongoni. Moja lilikuwa halijafunguliwa, la pili limetumika nusu, na la tatu lilikuwa karibu kwisha.

"Ndegeni hawaniruhusu kupanda nayo, Mwalimu," akasema. "Yatakufaa."

Alisema kweli kuhusu ndege. Makopo hayo hayaruhusiwi mkononi wala kwenye mizigo, yawe yamejaa au yamebaki kidogo. Lakini kwamba yatanifaa, hapo alikosea. Kopo lile halitoi moto lenyewe. Linahitaji kichwa chake cha jiko cha kufungia juu, na kichwa alikuwa ameondoka nacho. Basi mgeni akaenda zake mwepesi, na mimi nikabaki na mzigo.

Nikayaweka chini ya kitanda. Wahenga walisema akiba haiozi, na sisi tuliokulia katika uhaba wa miaka ya themanini hatutupi kitu. Kopo la maziwa huwa kibatari, gurudumu huwa kandambili. Hata hivyo, akiba ile haikunipa usingizi. Ndani ya makopo hayo mna butani na propani zilizoshindiliwa mpaka zikawa maji. Zikivuja hazipai juu kama moshi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini zikisubiri cheche. Joto nalo huzidisha msukumo ndani ya kopo, na nyumba yangu ni ya bati. Juu ya yote, hewa ya ziwani hula chuma. Hiyo ni akiba inayooza, tena inayooza kwa hatari.

Wa kwanza kuyataka alikuwa mtoto wa kukusanya vyuma chakavu. Alipita na gunia lake akaita, "Babu, una skrepa?" Nakiri kwamba mkono ulinicheza. Ningempa, ningepata shilingi mia chache na chumba changu kingekuwa salama. Kisha nikafikiri gunia lile linakokwenda. Makopo hupondwa ili yasichukue nafasi, na anayeponda mara nyingi ni mtoto huyo huyo, kwa jiwe au nyundo, pengine karibu na moto wa kuchomea nyaya. Nikamwambia sina kitu.

Wa pili alikuwa jirani yangu, mama anayekaanga maandazi alfajiri kwa mkaa. Aliyaona siku tuliyokuwa tukifagia chumba. "Mwalimu, si gesi hiyo? Nipe mimi. Fundi atanitafutia mpira aunganishe na jiko langu." Nikasema, "Hapana, jirani, haiwezekani." Sikuongeza neno. Akaninunia wiki nzima, na maandazi yangu ya asubuhi nikawa naletewa na mtoto, tena bila salamu.

Hasira yake ilikuwa na haki ndani yake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Jirani yangu anasikia habari hizo redioni huku macho yake yakitoka machozi kwa moshi. Halafu anaona gesi imelala chini ya kitanda cha mzee asiyeitumia, naye mzee anamnyima. Je, huo si uchoyo?

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali lililonifanya niandike kurasa hizi. Kitu kilichobaki, ambacho bado kina manufaa na bado kina madhara, ni cha nani? Na anayempa mwenzake kitu cha namna hiyo, ametoa sadaka au amejitua mzigo?

Sisi watu wa Ujiji tuna kisa cha zamani kuhusu mali iliyoachwa. Livingstone alipofika hapa mwezi Oktoba 1871, mgonjwa na amechoka, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa. Aliyekabidhiwa alidai aliamini kwamba mwenyewe amekufa. Kila tunapokisimulia tunamlaumu mtu yule, kwa kuwa amana si mali ya aliyeishika. Lakini makopo yangu hayakuwa amana kwa maana hiyo. Mwenyewe alinipa, wala hatarudi kuyadai. Nilipotafakari zaidi niliona kwamba kitu chenye hatari hubaki kuwa amana hata kikitolewa zawadi. Tofauti ni kwamba anayekudai si yule aliyekupa. Anayekudai ni yule kitakayemfikia baada yako.

Nimesoma kwamba katika kambi ya watalii ya Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, kuna rafu ambapo wasafiri wanaoondoka huacha makopo ya gesi yaliyobaki, na wanaofika huyachukua bure. Hakuna anayemdhulumu mwenzake. Mwanzoni nilidhani siri ya rafu ile ni ukarimu. Sasa naona kwamba ni kitu kingine: anayechukua anajua yote anayoyajua anayeacha. Ana jiko linalolingana, anajua kutikisa kopo asikie kilichomo, anajua asilitoboe wala kuliacha juani. Kopo lile lile likiletwa Kasingirima, mtoaji anajua na mpokeaji hajui. Vitu hivyo viwili havilingani, ingawa vyote huitwa kutoa.

Hata meli yetu ya Liemba ina funzo lake. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, ikiitwa Graf von Goetzen, walikuwa wameipaka mitambo yake grisi kwa uangalifu ili kutu isiile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Simwagii sifa aliyeipaka grisi, maana hakika hakuwa akimfikiria mvuvi wa Ujiji. Alitumaini wenzake wataichukua tena. Lakini kuacha kitu vizuri hakuchagui mrithi. Watu wa ziwa hili walisafiri kwa grisi ile miaka mingi, ingawa haikupakwa kwa ajili yao.

Nikaenda kwa jirani yangu jioni moja. Nikamweleza kuhusu vali, kuhusu mpira usiolingana, na kuhusu gesi inayotambaa sakafuni karibu na jiko lake la mkaa. Alinyamaza, kisha akasema, "Ungeniambia hivi siku ile, Mwalimu, nisingekununia. Ulisema haiwezekani kana kwamba mimi ni mtoto." Nikamwomba radhi. Kumnyima kopo lilikuwa jambo la haki, lakini kumnyima maelezo lilikuwa kosa. Nilikuwa nimefanya kama mgeni wangu: yeye alitoa kitu bila maarifa yake, nami nilizuia kitu bila maarifa yake.

Makopo nayo yalipata mwisho wake. Pwani ya Kibirizi, zinakotoka boti za Gombe, nilimpata kijana anayewaongoza watalii, mwenye jiko la aina ile. Lile zima nilimpa, maana yeye anajua. Yale mawili tuliyafungulia kazi pale pale, penye upepo, tukachemsha chai ya tangawizi birika baada ya birika, siku mbili za Jumamosi, na jirani yangu akiwamo. Moto ulipokufa kabisa na makopo yakawa hayatoi sauti, kijana aliyatoboa nje, mbali na moto wowote. Ndipo nilipomwita yule mtoto wa gunia nikampa bure, nikamwonyesha tundu na kumwambia lina maana gani: kopo la gesi lisilo na tundu usiliponde.

Hakuna aliyetajirika kwa makopo yale. Tulikunywa chai tu. Lakini tangu hapo nimekuwa na desturi moja. Mgeni akija na jiko lake, namwambia siku ya kwanza, kabla hajafungua mfuko: "Karibu sana, mwanangu. Gesi yako ikibaki, usiniachie. Tutaimalizia pamoja kabla hujaondoka."