Nani Aliyesimama Tena?



Ndugu zangu wanafunzi, Alhamisi moja baada ya darsa, ndugu yetu anayesomea uendeshaji wa biashara alituuliza swali lililotukalisha msikitini hadi Isha. Alisema: "Chukueni mfano wa wafanyabiashara wawili wa hapa Juba. Mwaka 2012 kila mmoja alikuwa na duka la jumla, na kila mmoja alikopa pauni kwa jamaa na marafiki ili aagize mali kutoka Kampala. Pauni ilipoanguka, wa kwanza aliwalipa watu idadi ileile ya pauni alizochukua. Dola alizokuwa ameziweka akabaki nazo, na leo ana jengo la ghorofa. Wa pili aliuza lori na kiwanja, akawarudishia watu thamani ya kile walichompa, na leo anauza sukari na sabuni juu ya meza pale Konyo Konyo. Nani kati yao aliyesimama tena?"

Watu wenyewe walikuwa wa mfano tu. Lakini niliwatazama wenzangu nikaona kila mmoja anamfikiria mtu anayemjua.

Mji wetu umewaangusha wafanyabiashara mara nyingi kuliko umri wa nchi yenyewe unavyostahili. Tulipata uhuru Julai 2011; Januari 2012 mafuta yakafungwa, na dola zikaanza kuadimika. Desemba 2013 vita vikaanzia hapa hapa mjini. Julai 2016 risasi zikarudi, maduka na maghala yakaporwa, hata ghala la Shirika la Chakula Duniani halikusalimika, na jeshi la Uganda likaja na msafara wa magari kuwachukua raia wake kupitia barabara ya Nimule. Aprili 2023 vita vikaanza Khartoum, na watu waliokuwa na biashara zao huko wakaja kwetu kuanza upya. Kisha Januari 2025, baada ya habari za mauaji ya Wasudan Kusini kule Wad Madani, maduka ya Wasudan yakavunjwa na kuporwa hapa Juba, hadi serikali ikapiga marufuku kutembea usiku. Wengi wa waliopoteza siku zile ni ndugu tunaosimama nao safu moja ya swala. Mtu aliyekimbia moto wa Khartoum akakuta mwingine umemtangulia Juba.

Kwa hiyo swali la kuanguka na kuinuka si la kwenye vitabu vya chuo pekee. Hata hivyo tunavyolijibu mara nyingi ni kwa namna ya vitabu hivyo. Tunapenda hadithi ya tajiri aliyepoteza vyote kisha akavirudisha. Mfano wake mashuhuri katika Afrika Mashariki ni wa Manubhai Madhvani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Madhvani, ambaye familia yake ilimiliki kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja, alitiwa kwanza katika gereza la Makindye. Miaka ya 1980 familia ilirudi ikakifufua kiwanda kilichokuwa kimeharibika, na hadi leo kinafanya kazi. Ni habari ya ustahimilivu, na anayetaka kuwa kiongozi wa biashara ana la kujifunza humo.

Lakini tazama jinsi tunavyoisimulia. Mwanzo: alikuwa nacho. Katikati: alikikosa. Mwisho: alikipata tena. Rula ya kupimia ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Maelfu ya wenye maduka waliofukuzwa mwaka ule ule, wakaishia kufanya kazi za viwandani Uingereza na kulea watoto wao kwa heshima, hawamo katika hadithi, kwa sababu kiwanda chao hakikufufuka. Je, hao hawakusimama?

Turudi kwenye swali la ndugu yetu, tulipime kwa hesabu. Tarehe 15 Desemba 2015 Benki Kuu ya Sudan Kusini iliacha bei ya zamani ya pauni 2.96 kwa dola moja, na bei mpya ikawa kama pauni 18.5. Mtaani pauni ilikuwa imekwisha kuanguka. Benki ilikiri tu kile ambacho soko lilikuwa linakijua. Aliyekopeshwa pauni 29,600 kwa bei ya zamani rasmi alipewa dola 10,000. Akirudisha pauni zilezile 29,600 kwa bei mpya, amerudisha dola 1,600. Karatasi ni zilezile, idadi ni ileile, na dola 8,400 zimetoweka. Hazikutoweka hewani. Zimetoka mfukoni mwa shangazi aliyeuza ng'ombe ili akopeshe, zikaingia katika msingi wa ghorofa.

Je, wa kwanza amedhulumu? Hapa lazima tuwe waadilifu, kwa sababu wanazuoni wamelijadili jambo hili zamani. Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, amenukuliwa akiona kwamba fulusi zikibadilika thamani, mdaiwa alipe thamani ya siku ya mkopo. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba deni la sarafu hulipwa kwa sarafu hiyo hiyo na kwa idadi yake, lisifungwe na kupanda kwa bei. Sababu yake ni nzito: ukifungua mlango wa nyongeza, riba iko nje inangoja kuingia. Kwa uamuzi huu, mfanyabiashara wa kwanza anaweza kusimama mbele ya kadhi na kusema, nimelipa. Na kadhi atamwachilia.

Tatizo ni kwamba amesimama mbele ya kadhi tu. Sheria imempa mpaka wa chini, naye ameufanya kuwa dari. Tunajua katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kudaiwa ngamia, na mwenye deni akaja kudai kwa ukali. Maswahaba walipokasirika aliwazuia, akaagiza mtu yule apewe ngamia. Wakatafuta wa umri ule wasimpate, wakampata aliye bora zaidi. Akasema apewe huyo huyo, na akafundisha kwamba walio bora miongoni mwetu ni wanaolipa vizuri zaidi. Nyongeza ambayo haikushartiwa, inayotoka moyoni mwa mdaiwa mwenye uwezo, si riba. Mlango wa ihsani ulikuwa wazi kwa wafanyabiashara wetu wote wawili. Mmoja alipita, na kupita kwake kulimgharimu lori.

Sasa tuseme nini juu ya neno "kufilisika"? Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba kama wanamjua muflis. Wakajibu kama tunavyojibu sisi: asiye na dirham wala mali. Akawaeleza kwamba muflis wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini huku amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine. Mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu mpaka yaishe, kisha atabebeshwa makosa yao. Angalia kwamba mtu huyo hakukosa mtaji. Alikuja nao mkubwa. Kilichommaliza ni wadai aliowasahau.

Na imepokewa kuhusu Muadh bin Jabal (r.a.), kijana mkarimu, kwamba madeni yalimzidi mpaka Mtume (s.a.w.) akaiuza mali yake ili wadai wake walipwe. Mji mzima ulijua. Baadaye huyo huyo Muadh ndiye aliyetumwa Yemen kufundisha na kuhukumu kati ya watu. Leo ukiomba kazi na ikajulikana kwamba biashara yako ilifilisika, barua yako inawekwa chini ya rundo. Muadh alipoteza mali, lakini hakupoteza kile ambacho wadhifa ule ulikihitaji.

Nikiishia hapa nitakuwa nimewadanganya. Ni rahisi kwa mwanafunzi anayelipiwa ada kumsifu mzee wa mezani. Ndugu mmoja alisimama usiku ule akasema: "Mzee huyo mnamsifu, lakini binti yake aliacha shule. Sifa zenu hazilipi karo." Palikuwa kimya. Alisema kweli. Umaskini hauwi fadhila kwa sababu tu umepatikana kwa uaminifu, na Uislamu haukututaka tuukubali kwa mikono mitupu. Abdurrahman bin Awf (r.a.) alifika Madina bila kitu, akakataa nusu ya mali ya ndugu yake Saad, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza na jibini na samli, akatajirika. Kurudi sokoni ni jambo jema.

Ila Abdurrahman alikuta ndugu aliyekuwa tayari kumpa nusu. Na yule mtu wa zama za Mtume (s.a.w.) ambaye matunda aliyonunua yalimtia hasara na madeni yakamzidi, hakuambiwa asubiri tu. Watu waliamrishwa wamchangie. Michango ilipokuwa haitoshi, wadai waliambiwa wachukue kilichopatikana, na zaidi ya hapo hawana. Qur'ani nayo imeagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na ikawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahili zaka. Maana yake ni kwamba kusimama tena si kazi ya aliyeanguka peke yake. Yeye anadaiwa uaminifu. Sisi tunadaiwa mkono.

Basi mzee wa mezani, kama hajasimama, aibu ni ya nani? Alilipa zaidi ya alichodaiwa. Waliolipwa walifurahi, wakamsifu, wakaenda kununua bidhaa zao kwa mwenye ghorofa. Hakuna aliyempa mali kauli aanze tena, ingawa hakuna mtu Juba ambaye neno lake limepimwa kama lake.

Sisi tutahitimu. Baadhi yetu tutakuwa mameneja, wenye maduka, wakuu wa idara, na katika mji huu tutaanguka, kwani hakuna aliyepewa hati ya kutoanguka. Siku hiyo tutajiuliza nini kimebaki. Ninaomba tujifunze kuuliza kwanza: nani bado ananidai? Kisha tukiwa wazima tuulize: nani aliyelipa akabaki mikono mitupu, na mtaji wangu unaweza kumfikia?

Swali la ndugu yetu halikujibiwa kwa kura usiku ule. Lakini kabla ya kutawanyika tulichanga. Hazikuwa nyingi. Ziliwekwa kwenye bahasha kwa ajili ya karo ya binti mmoja ambaye, tofauti na wafanyabiashara wale wawili, si wa mfano.

Wabillahi tawfiq.