Andikeni Yaliyo Kweli juu ya Wazee Wanaosahau

Masomo: Luka 1:1-4; Yohana 9:1-3



Mtakatifu Luka alikuwa tabibu. Paulo anamtaja hivyo katika waraka wake kwa Wakolosai. Alipotaka kumweleza Theofilo habari za Bwana wetu, hakuanza na maoni yake mwenyewe. Aliwafuata walioona kwa macho, akachunguza tangu mwanzo, akapanga, ndipo akaandika. Basi vijana wetu wa Puge wanaotakiwa kuandika insha juu ya ugonjwa wa Alzheimer, yaani ugonjwa wa kusahau unaowapata zaidi wazee, na wamfuate Luka. Hiyo ni insha ya kueleza. Si ya kuliza watu, wala si ya kubishana.

Mtauliza, mahubiri na insha wapi na wapi? Nawajibu: hapa Unyamwezi, na kwa jirani zetu Wasukuma, watu wameuawa kwa sababu ya jambo lililoelezwa vibaya. Bibi kizee ana macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Usiku anatoka, anazungukazunguka nyuma ya nyumba za watu, anasema peke yake, na akiulizwa anatafuta nini hawezi kujibu. Asubuhi mtoto wa jirani anaamka na homa. Hapo hakosi kupatikana mtu wa kueleza, tena kwa neno moja tu: mchawi. Neno hilo limekwisha kuleta mapanga. Wanafunzi nao walipomwona yule kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili.

Sasa, mwandike nini? Anzeni na jina. Alzheimer alikuwa daktari Mjerumani. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpima mama mmoja aitwaye Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51. Alipoambiwa aandike jina lake alianza, kisha akasahau katikati. Alifariki mwaka 1906. Daktari akauchunguza ubongo wake, akakuta umesinyaa, na ndani yake mna madoa na nyuzi zilizosokotana. Sidhani yuko atakayesema kwamba wachawi wetu walimfikia huko.

Kisha tofautisheni. Mzee aliyesahau alipoweka fimbo yake ni mzee tu. Mzee anayeishika fimbo mkononi na asijue ni ya nini, huyo ni mgonjwa. Ya zamani hukaa naye muda mrefu. Atakusimulia pamba ya ujana wake ilivyouzwa, lakini hajui kama amekula mchana. Huuliza swali moja mara kumi. Hupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote. Huficha fedha, kisha humshitaki mkwewe kwamba ameiba, na hapo ndipo nyumba nyingi huvunjika. Andikeni wazi kwamba mzee huyo hasemi uongo. Anajaza pengo ambalo yeye mwenyewe halioni.

Msizidishe, wala msipunguze. Si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa huu. Malaria, maambukizo mengine, au upungufu wa vitamini huweza kumvuruga mzee, na hayo yanatibika. Shinikizo la damu nalo huharibu mishipa ya ubongo. Akili ikivurugika kwa siku moja au mbili tu, mpelekeni hospitali bila kukawia. Lakini Alzheimer wenyewe huja polepole kwa miaka, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Ziko zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi. Msiandike kinyume cha hayo, hata kama muuza dawa wa mnadani ameapa.

Tena msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2010 wataalamu waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6 vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakakadiria kwamba karibu 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa akili kupotea uzeeni, ambao Alzheimer ndiyo aina yake kubwa. Hao walikuwa wanakijiji wakulima kama sisi.

Juu ya utunzaji andikeni mliyoyaona nyumbani. Mgonjwa habishiwi. Akisema anakwenda kwa mama yake aliyekufa zamani, mshike mkono mtembee naye kidogo, mrudi. Usiku taa iwepo, na mlango uwe na mtu. Na yule binti au mkwe anayemwogesha kila siku apate mtu wa kumpokea, maana naye huchoka hata kukata tamaa. Misafara ya zamani iliyopita katika nchi hii mara nyingi ilimwacha njiani aliyeshindwa kutembea. Mwenye Zaburi ya 71 alimwomba Mungu asimtupe wakati wa uzee. Nani atakayemjibu hapa Puge kama si sisi?

Jina la mgonjwa wa kijijini msiliandike, hata kama kila mtu anamjua. Insha zikabidhiwe kwa katekista. Zile zilizo wazi zaidi zitasomwa Jumapili baada ya matangazo, kwa sauti, polepole, ili na wasiojua kusoma wasikie.